Sura ya Sita: Geji ya Bati

Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Fundi yeyote wa kuezeka analijua hilo, na muuza duka la vifaa vya ujenzi analijua zaidi. Lakini wapo maafisa ugavi wenye shahada, waliosajiliwa, wanaoitaja Sheria ya Ununuzi wa Umma kifungu kwa kifungu, ambao hawajui kwamba kwenye mabati namba ikipanda unene unashuka. Afisa wa namna hiyo akiletewa bati la geji 32 lililogongwa muhuri wa geji 30, atahesabu idadi, ataona imetimia, atasaini hati ya mapokezi na kurudi ofisini. Baada ya masika kadhaa madarasa yanavuja. Mkaguzi anakuja, anafungua faili na kukuta tangazo lipo, taarifa ya tathmini ipo, muhtasari wa Bodi ya Zabuni upo, mkataba upo na umesainiwa kila ukurasa. Faili ni zuri kuliko paa.

Sura hii ni kwa ajili ya kijana aliyekwisha ajiriwa, au anayetafuta ajira ya ununuzi na ugavi, na anataka kufika mbali bila kuona aibu akikumbuka alikopitia. Nitasema mambo mengi lakini yote yanazunguka moja: ijue bidhaa, na umjue atakayeitumia, kabla hujagusa karatasi.

Kwa miaka mingi mtu aliweza kuishi kwenye fani hii kwa kujua karatasi peke yake. Karatasi zilikuwa nyingi kiasi cha kumaliza umri wa mtu. Hati za zabuni zilidurufiwa, zikatobolewa na kufungwa, bahasha zikapigwa lakiri, sanduku la zabuni likafunguliwa saa nne kamili mbele ya wawakilishi wa kampuni, bei zikasomwa kwa sauti huku kila mmoja akiandika kwenye daftari lake. Aliyezimudu hatua hizo bila kukosea aliitwa mtaalamu. Kisha mwaka 2023 ikaja sheria mpya ya ununuzi wa umma, na mwaka huohuo mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST ukaanza kutumika badala ya ule wa awali wa TANePS. Mzabuni wa Sumbawanga leo hapandi tena basi kwenda Dodoma na bahasha kwapani. Anawasilisha zabuni akiwa dukani kwake. Tangazo liko kwenye mfumo, ufunguzi uko kwenye mfumo, hata muda wa mwisho unafungwa na mfumo bila kumwonea mtu huruma.

Wapo wanaonung'unika kwamba mfumo umewapora kazi. Mimi naona umewapora sehemu iliyokuwa ikiwaficha. NeST haiwezi kujua kwamba friji lililoombwa siyo friji linalohitajika, wala haitapanda lori kupima unene wa bati.

Kuhusu vyeti nitasema kwa ufupi, maana taarifa zake zinapatikana kirahisi. Utasoma stashahada au shahada, iwe Taasisi ya Uhasibu Tanzania, Mzumbe, Chuo cha Uhasibu Arusha, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) au kwingineko. Utafanya mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na utasajiliwa, kwa sababu huruhusiwi kufanya kazi hii bila usajili. Kenya nao walitunga sheria ya wataalamu wa ugavi mwaka huohuo wa 2007, na chombo chao ni KISM. Anayetazama mashirika ya kimataifa huongeza cheti cha CIPS cha Uingereza. Fanya yote hayo mapema, kabla majukumu ya nyumbani hayajakulemea. Bila usajili huajiriwi. Kwa usajili pekee utabaki pale ulipoajiriwa.

Sasa turudi kwenye hitaji, maana ndipo fedha nyingi hupotelea, na hupotea kihalali kabisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilinunua rada ya kuongozea ndege kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa takriban pauni milioni 28. Benki ya Dunia ililalamika, na ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga mpango huo waziwazi. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri kwenye mahakama ya London kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo, na hatimaye pauni milioni 29.5 zikaletwa nchini kwa ajili ya elimu. Mitaani tuliziita chenji ya rada. Zikanunua vitabu na madawati. Watu wengi wanaikumbuka hadithi hii kwa upande wa rushwa tu. Mwanafunzi wa ununuzi anapaswa kukumbuka pia swali lililozua ugomvi tangu mwanzo, kabla ya mambo ya mahakamani: kwa anga yetu na ndege zetu, rada ghali yenye uwezo wa kijeshi ni ya nini? Swali hilo lingeulizwa kwa ukali mezani kabla ya mkataba, tusingengoja chenji.

Wewe hutanunua rada. Utanunua friji. Tuseme uko hospitali ya misheni wilayani, na umepokea fomu ya maombi kutoka kwa mganga mfawidhi.

"Shikamoo, dokta."

"Marahaba. Kijana wa manunuzi, friji langu vipi? Nimeomba tangu mwezi wa tatu."

"Ndilo limenileta, dokta. Ni la kuhifadhia nini?"

"Chanjo. Si nimeandika pale, friji la lita mia mbili?"

"Na umeme hapa ukikatika huwa unachukua muda gani?"

Daktari anacheka. "Kamuulize Sista. Yeye ndiye anayekimbia na maboksi usiku."

Unakwenda kwa Sista, na ndani ya robo saa unajua kuliko fomu ilivyokueleza. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto likizidi zinaharibika, lakini zikiganda nazo nyingi zinaharibika, na friji la kawaida la nyumbani hugandisha vitu vilivyosogea karibu na ukuta wa nyuma. Umeme ukikatika usiku kucha, friji hilohilo halitunzi baridi hadi asubuhi. Kumbe hitaji ni friji la chanjo lenye kuta za barafu au linalotumia jua moja kwa moja, na Shirika la Afya Duniani lina orodha ya mafriji ya aina hiyo yaliyokwisha kupimwa. Bei yake ni kubwa mara kadhaa. Ungenunua lile la lita mia mbili kwa bei ya chini, ungesifiwa kwa kubana matumizi, na chanjo zingeganda.

Angalia nani aliyekupa jibu. Daktari alijua anachotaka, Sista alijua kinachotokea. Kila ofisi ina Sista wake: dereva anayejua gari lipi linakula matairi, mpishi wa bweni anayejua sufuria ipi imetoboka ndani ya muhula mmoja, katibu muhtasi anayejua kwamba printa iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa inameza tona ambazo bei ya mbili tu inatosha kununua printa nyingine. Ukijenga desturi ya kuwatembelea watu hawa kabla ya kuandaa Mpango wa Mwaka wa Ununuzi, mpango wako utakuwa na afya, na wakuu wa idara wataanza kukupigia simu kabla ya kujaza fomu. Siku hiyo utakuwa umeacha kuwa karani.

Ukishajua hitaji, liandike kwa lugha inayopimika. Kwenye mabati usiandike geji peke yake. Andika unene kwa milimita, urefu, aina ya mgongo kama ni bati la kawaida au la msauzi, na taja kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kinachohusika. Kisha nunua maikromita yako mwenyewe. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya mafundi na hazimalizi mshahara wa mtu. Lori likifika, usipime bati la juu ambalo muuzaji amekutayarishia. Chagua la katikati ya rundo, pima ukingoni sehemu kadhaa, na kama ni bati la rangi kumbuka rangi nayo ina unene wake. Nyoosha futi kamba uone kama mita tatu ni mita tatu kweli. Fanya hayo ukiwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, muuzaji akiwa anatazama. Mara nyingi kazi hii hutosha kufanywa mara moja tu. Wauzaji wanapeana habari haraka kuliko tunavyodhani, na lori la pili litakuja na mzigo wa kweli.

Mbao zina ujanja wake. Dawati la mbao mbichi likipigwa rangi linang'aa kama la mbao kavu, na siku ya makabidhiano wote mnapiga nalo picha. Nyanyua moja. Uzito utakwambia maji yaliyomo ndani, na kiangazi kikifika misumari itaanza kucheza.

Bei nayo inahitaji ujuzi wa mtaani kuliko wa darasani. Ingia duka lolote la jumla Kariakoo, uliza bei ya rimu ya karatasi kama mteja wa kawaida, kisha sema unataka profoma ya ofisi ya umma. Bei inapanda ukiwa umesimama palepale. Tumezoea kuiita bei ya Serikali na kuifanyia utani, kana kwamba wafanyabiashara wote ni wezi. Kaa na mmoja wao mnywe chai akueleze hesabu yake. Anakumbuka ankara iliyolala mezani kwa mtu miezi sita, riba ya mkopo wa benki inayotembea usiku na mchana, kodi ya zuio inayokatwa, na safari za kufuatilia hundi kwa nauli yake. Na ndiyo, anaweka pia fungu la yule atakayemwomba cha juu. Yote hayo yamo kwenye bei ya ile rimu.

Kwa hiyo afisa anayesimamia malipo yatoke kwa wakati anashusha bei bila kujadiliana na mtu. Hili halifundishwi vya kutosha. Tunafundishwa kwamba kazi yetu inaishia mzigo ukipokelewa, yaliyobaki ni ya wahasibu. Mimi nasema mfuate mhasibu. Hakikisha hati ya mapokezi imeingia siku ileile, ankara haina kosa la jina, risiti ya EFD imekuja. Jina lako likishajulikana sokoni kwamba kwako mtu analipwa, utaletewa bei ambazo jirani yako wa wilaya ya pili hatazipata.

Hili lina uzito wa pekee kwa vikundi maalumu. Sheria yetu inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kenya wana mpango wa AGPO wa kiwango hichohicho tangu 2013. Ni jambo jema sana kwenye hotuba. Lakini kikundi cha kina mama kumi na wawili waliokopa kununua vitambaa vya sare, kikilipwa baada ya miezi minane, hakitashona tena, na pengine kina mama wale hawatasalimiana tena. Kampuni kubwa inaweza kuvumilia deni. Hao hawawezi. Mwenye nia ya kuwasaidia awalipe kwanza.

Muda wako nao una bajeti. Mwaka 1983 Peter Kraljic aliandika makala katika jarida la Harvard Business Review akigawa manunuzi kwa maswali mawili: kitu hiki kina uzito gani kwenye fedha au faida yetu, na kukosekana kwake sokoni kuna hatari gani? Wanafunzi hulichora lile jedwali la vyumba vinne kwenye mtihani kisha wanalisahau. Lichore la ofisini kwako. Utakuta umetumia wiki nzima ukigombana juu ya kalamu na chai, huku kemikali ya kusafishia maji ya mji mzima inategemea muuzaji mmoja asiye na mkataba wa muda mrefu. Vitu vidogo vya kila siku vipeleke kwenye mikataba maalumu ya Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini (GPSA), usivisumbukie tena.

Sehemu inayomaliza watu kazi ni dharura. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na Mei ikifika kila idara inagundua ina fedha na ina dharura. Kalenda haiwezi kuwa dharura. Lakini hata dharura ya kweli ni hatari. Mwaka 2006 nchi ilikuwa na ukame, mabwawa ya umeme yamekauka, viwanda vimesimama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa haraka ni nini. Ndani ya haraka hiyo ukazaliwa mkataba na kampuni ya Richmond wa mitambo ya megawati 100, na mitambo ikachelewa kuja. Kamati teule ya Bunge ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Moja ya maswali ya msingi ya kamati ile lilikuwa la kawaida mno, la kiwango chako na changu: kampuni iliyopewa kazi ilikuwa na uwezo wa kuifanya? Haraka inaruhusu kufupisha tangazo. Kumchunguza mzabuni ni hatua ambayo huwezi kuifupisha.

Ikitokea mkuu wako anakushinikiza, tuseme anataka zabuni moja ikatwe vipande vinne ili kila kipande kiwe chini ya kiwango cha ushindani, usibishane naye koridoni na usimseme kwenye chai. Andika dokezo. Kwa adabu, kwa kifupi: maombi yaliyopokelewa ni haya, kanuni inasema hivi, njia halali iliyo ya haraka kuliko zote ni hii, nashauri tuitumie. Liingize kwenye faili lipate folio yake. Nusu ya mashinikizo huishia hapo, maana wengi wanaosema "fanya tu" hawako tayari kuandika "fanya tu". Sehemu ya dokezo inayotaja njia halali ndiyo muhimu kuliko zote. Anayesema haiwezekani kila siku ataonekana kikwazo na atahamishwa. Anayeonyesha njia halali iliyo fupi ataitwa kwenye vikao vya mapema.

Zawadi ni habari nyingine, kwa sababu haiji ikiwa imevaa sura ya rushwa. Inakuja na mzee wa heshima, mfanyabiashara wa mjini, anayekuita mwanangu. "Hii ya soda tu." Siku hizi haihitaji hata mkono, unasikia simu imelia, umetumiwa hela ya vocha hukuiomba. Irudishe kwa namba ileile iliyotoka, siku hiyohiyo, na umwarifu bosi wako kwa maandishi. Kutana na wazabuni ofisini mlango ukiwa wazi na mwenzako akiwepo. Usipande gari lao hata kama mvua inanyesha. Wapo watakaokuita mshamba. Lakini mfanyabiashara yuleyule, akihamia mji mwingine na kuulizwa na mkurugenzi wa kampuni kama anamfahamu afisa ununuzi wa kuaminika, hatawataja waliokunywa soda yake.

Maana sokoni kuna waajiri wengine wanaomtafuta afisa wa namna hiyo. Migodi ya Kanda ya Ziwa, hoteli za Zanzibar, mashirika ya misaada, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga: wote wananunua sehemu ya mahitaji yao kwa wenyeji, na hawana watu wa kutosha wanaojua nani wilayani anaweza kuleta tani za mboga kila wiki kwa ubora uleule, na nani anaweza tu kuandika barua nzuri. Afisa aliyekaa miaka saba halmashauri akawajua wasambazaji kwa majina, maghala na tabia zao, ana kitu ambacho aliyekuja na shahada ya pili kutoka ng'ambo hana. Usiogope kuhama, ila hama ukiwa na ujuzi wa eneo fulani la bidhaa, dawa, vipuri, vyakula au ujenzi. Anayejua kila kitu kijuujuu hushindana na watu elfu moja.

Ukifika ofisi mpya, utaonyeshwa chumba, meza na nywila ya mfumo. Omba ufunguo wa stoo kwanza. Chukua vitu kumi kwenye leja, kavitafute kwenye rafu. Kisha chukua vitu kumi kwenye rafu, kavitafute kwenye leja. Siku ya pili kaa na mhasibu uone madeni ya wazabuni yana umri gani. Siku ya tatu zunguka nyuma ya jengo, kwenye uwanja wa chakavu. Kila taasisi inao. Kuna gari limesimama juu ya mawe kwa kuwa kipuri chake hakipatikani nchini, jenereta kubwa lililokuwa likinywa dizeli kuliko bajeti, viti vya plastiki vilivyovunjika miguu, kompyuta zilizokuja bila leseni. Vingine vinapaswa kuondoshwa. Kamati iundwe, mthamini aitwe, kibali kiombwe, mnada utangazwe. Lakini kabla ya mnada, pita na daftari. Andika aina ya kitu, mwaka kilionunuliwa, aliyekiuza na sababu ya kulala pale. Ifikapo wakati wa kuandaa bajeti, idara zitaanza kuleta maombi ya mwaka mpya, na kwenye maombi hayo utayaona majina yaleyale uliyoyasoma uwanjani.